Karafuu za Zanzibar zimeniletea vita: uzoefu wangu na Civilization VI

Gemu hii niliipata bure. Mei 2020 duka la mtandaoni la Epic Games liliigawa kwa wiki moja, nikaidaka kwa bando la usiku, halafu ikakaa kwenye akaunti yangu miaka mingi kwa sababu sikuwa na mashine ya kuibeba. Sasa nina laptopu ya mtumba, betri haifikishi nusu saa, kwa hiyo upepo wa Dodoma ukiangusha umeme hapa Nkuhungu na sisi tunaanguka nao. Tunacheza watatu kwenye mashine moja kwa kupokezana kiti: mimi, shemeji yangu wa bodaboda, na mjomba, askari mstaafu aliyekuwa Kagera 1978 na 1979. Mjomba huwa anashika kikombe cha chai zaidi ya kipanya.

Kwa asiyeifahamu: unaanza na taifa changa, unajenga mji, unaendelea zamu kwa zamu mpaka enzi za roketi. Mimi nachukua Kongo ya Mvemba a Nzinga. Taifa hili lina kikosi chake maalumu kinachoitwa "Ngao Mbeba". Shemeji alipoliona jina hilo alicheka mpaka akakohoa. Alidhani Mzungu amejaribu Kiswahili akaanzia nyuma. Jina la kuchekesha, lakini msituni jamaa hawa wanapita kama njia ya kwao.

Miji naibadilisha majina. Mji mkuu ni Dodoma, halafu Kondoa, Mpwapwa, Kongwa. Kuna kitu nilikigundua kwenye nyongeza ya gemu hii iliyotoka 2019: makao makuu huwezi kuyahamisha kwa hiari, isipokuwa ukimchukua Dido wa Foinike, na hata yeye lazima mji anaohamia uwe na bandari yake maalumu. Sisi tuliotangaziwa kuhamia huku mwaka 1973 tungegonga mwamba asubuhi tu.

Tanzania hamo. Zanzibar yumo, ila kama dola-mji, yaani mji unaojitegemea ambao mataifa makubwa yanagombea urafiki wake kwa kutuma wajumbe. Ukifikisha wajumbe watatu na ukamzidi kila mtu, unakuwa mlezi wake, na yeye anakupa karafuu na mdalasini. Bidhaa hizo mbili hazipatikani popote pengine kwenye ramani. Bidhaa ya anasa ya kawaida inaridhisha miji minne. Karafuu peke yake inaridhisha sita, mdalasini sita mingine. Nilipozipata, wananchi wangu walikuwa wanacheka barabarani.

Zamu chache baadaye Montezuma wa Azteki, mpinzani anayeendeshwa na kompyuta, akaja na kuichukua Kondoa.

Hapo ndipo nadharia zilipoanza, na kusema kweli ndizo zinazonifanya niendelee na gemu hii kuliko hata ushindi. Shemeji alishika lake: "Karafuu ndiyo imetuletea balaa." Na ana ushahidi. Montezuma ameundwa awapende wenye anasa kama zake na awachukie wenye anasa ambazo yeye hana. Zaidi ya hapo, kila anasa tofauti aliyoiendeleza kwenye ardhi yake inawaongezea askari wake nguvu 1 wanaposhambulia. Kwake anasa ni risasi. Nadharia ya shemeji ina tundu moja: karafuu za Zanzibar hazioti kwenye ardhi ya mtu, kwa hiyo hata angeniteka nchi nzima zisingemwongezea kitu. Nikamwambia. Akasema, "Montezuma atajuaje hilo kabla hajafika?" Nikakosa jibu.

Mjomba alisikiliza yote, akaomba nimfungulie jedwali la majeshi, lile linaloonyesha nguvu ya kila taifa kwa tarakimu. Ya kwangu ilikuwa ya aibu. Nilikuwa na wapiganaji wawili tu, mmoja ameegemea mpakani, mwingine anatafuta vibanda vya zawadi. Mjomba akaweka kikombe chini. "Mwanangu, karafuu ni sababu ya kukununia. Kambi tupu ndiyo sababu ya kuja."

Nilikuwa nimeihifadhi gemu kabla ya vita, nikarudi hapo. Karafuu zilezile, Zanzibar ileile, ila safari hii ukuta Kondoa na wapiga mishale watatu nyuma yake. Montezuma akanuna, akanitukana kama kawaida yake, akapita upande wa pili kumvamia mwingine. Mara moja si ushahidi, najua, na shemeji anang'ang'ania kwamba ni bahati.

Ila hesabu ya mapigano haina bahati kubwa. Kila kikosi kina uhai 100. Wakikutana wenye nguvu sawa, kila mmoja anamtoa mwenzake kama 30, juu au chini kidogo. Mpiganaji wangu ana 20, shujaa wa tai wa Montezuma ana 28. Pengo la 8 linaonekana dogo, lakini mahesabu yanakua kwa kasi: yeye ananikata kama 41, mimi namrudishia kama 22. Mapigo matatu nimeisha, na yeye akinimaliza anaweza kunigeuza kibarua wa kumjengea mashamba. Hilo la kibarua liliniuma kuliko kuupoteza mji.

Nadharia maarufu kuliko zote kwenye mfululizo huu ni ya Gandhi na nyuklia. Inasimuliwa hivi: kwenye gemu ya kwanza, ya 1991, ukali wa Gandhi ulikuwa 1, India ikifikia demokrasia ukali unapungua 2, kompyuta haijui namba hasi, kwa hiyo inaruka mpaka 255, namba ya juu kabisa, na mtu wa amani anamwaga mabomu. Hadithi tamu, na niliisimulia miaka kama kweli. Sid Meier mwenyewe, mwanzilishi wa mfululizo huu, ameikana kwenye kitabu chake cha kumbukumbu cha 2020, na Brian Reynolds, aliyebuni gemu ya pili, ameeleza kwamba ngazi za ukali zilikuwa tatu tu. Kwenye gemu ya tano ndipo mbunifu wake, Jon Shafer, alipompa Gandhi 12 kwenye kipimo cha 10 cha kutumia nyuklia, kwa utani wa makusudi. Kwa hiyo uvumi ulizaa ukweli. Na kwenye hii ya sita bado ana uwezekano mkubwa wa kupewa tabia ya siri ya kupenda nyuklia. Mimi nikimwona anatabasamu naanza kuhesabu viwanda vyake.

Kasoro? Ukipandisha ugumu, mpinzani haongezewi akili, anaongezewa mtaji. Ngazi ya juu kabisa anaanza na walowezi watatu wewe ukiwa na mmoja, na kila askari wake anapigana na nguvu 4 za bure. Ukishajua hilo, nusu ya nadharia za "Azteki wana mbinu" zinakufa. Pia zamu za mwishoni ni ndefu, kwenye laptopu yangu naweza kusonga ugali nikimsubiri mpinzani amalize. Hata hivyo naipa nne kati ya tano, na ile moja niliyoizuia ni ya umeme.

Jana usiku mjomba alisema sasa anataka taifa lake. Nikampa Kongo mpya na Zanzibar jirani. Kajenga ghala la nafaka Dodoma, ghala Mpwapwa, ghala Kongwa, wajumbe kawapeleka wote Zanzibar, karafuu zimeingia. Nikamuuliza, shikamoo mjomba, askari wako wangapi? Akasema nisimwingilie. Montezuma ameshaonekana mashariki ya Kongwa.