SR-L700, SR-007 na SR-009: miezi minne ya kusikiliza nikiwa na miwani

Nimevaa miwani tangu utotoni, na sikuwahi kufikiri kwamba mikono yake ndiyo ingeniamulia hedifoni ya kubaki nayo.

Hedifoni tatu ninazozilinganisha hapa zote ni za umeme tuli, na zote ni za Stax ya Japani. SR-L700 ni yangu ya siku nyingi. SR-007 niliinunua ikiwa imeshatumika. SR-009 niliazimwa na rafiki anayejua jinsi ninavyovitunza vitu vya watu. Kwa miezi minne nimezisikiliza kwa amplifaya moja, chumba kimoja, usiku watu wakiwa wamelala. Usiku, kwa sababu hedifoni za aina hii ziko wazi upande wa nyuma: kelele za nje zinaingia kana kwamba hujavaa kitu, na muziki wako unatoka. Feni ikizunguka tu, vile vidogovidogo ulivyovifuata vyote vinafunikwa.

Kwa ambaye hajawahi kuzigusa, hedifoni ya kawaida ina utando unaosukumwa na koili na sumaku. Hizi hazina koili. Zina utando wa plastiki wenye unene wa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) moja au mbili hivi, uliopewa chaji ya kudumu ya volti 580 na kutandazwa katikati ya sahani mbili zenye matundu. Muziki ukifika kwenye sahani hizo, moja inavuta na nyingine inasukuma, na utando unatikisika wote kwa pamoja. Ndiyo maana huwezi kuzichomeka kwenye simu. Zinataka amplifaya yake maalumu yenye tundu la pini tano. Volti ni nyingi lakini mkondo ni mdogo mno, na hofu ya kuvaa umeme kichwani iliniisha mapema. Wala si jambo la jana: Stax walianza kuuza SR-1 mwaka 1960.

Niseme pia kwamba nilisawazisha nguvu ya sauti ya zote tatu kabla ya kulinganisha, kwa mlio wa hezi 1,000 na kipimo cha desibeli. Wiki ya kwanza sikufanya hivyo, na kila niliyoibadilisha ikilia kwa nguvu kidogo zaidi ndiyo niliyoipa ushindi. Maandishi yote ya wiki ile niliyafuta.

SR-009, iliyotoka mwaka 2011, inakushika mara moja. Niliweka rekodi ya piano peke yake. Mlio wa piano haukatiki; unafifia, na katika kufifia kwake nyuzi nyingine ambazo hazikupigwa zinaitikia. Kwenye SR-009 nilizifuata nyuzi hizo mpaka mpigaji alipoinua mguu kwenye kanyagio, na kile kitambaa cha ndani kikashuka kuzinyamazisha. Kwaya ilikuwa hivyohivyo: sauti ya pili ya wanawake, ambayo siku zote huwa imemezwa na ya kwanza, ilisimama mahali pake na ningeweza kuiimba. Sijasikia hedifoni nyingine inayoyatenganisha mambo bila kuyatawanya namna hii. Rekodi ikiwa mbaya, hata hivyo, haina stahamala nayo. Mwimbaji aliyewekwa karibu mno na maikrofoni, kila "s" na kila "sh" yake inachoma.

SR-007 ni ya mwaka 1998, na baada ya SR-009 dakika tano za kwanza unadhani mtu amelifunika tundu kwa kitambaa. Kisha masikio yanatulia. Sauti za juu zipo zote, ila hazitangulii mbele. Kilichonivuta ni mwili wa sauti. Ngoma kubwa ikipigwa kwenye SR-009 nasikia ngozi, na kwenye SR-007 nasikia ngozi pamoja na lile pipa lililo nyuma yake. Udi una mbao. Sauti nzito ya mwanamume ina kifua. Ni nzito kwa amplifaya, ilinibidi kusogeza kitufe cha sauti mbele zaidi ili ifikie wenzake, na ikinyimwa nguvu huzubaa.

Lakini hayo ya ngoma sikuyapata siku ya kwanza. Siku ya kwanza besi haikuwepo kabisa, na nilikaribia kuirudisha. Kwanza ile mito laini inayozunguka masikio, niliyouziwa nayo, ilikuwa imelala, ngozi imekunjamana, nikaagiza mipya. Nayo haikutosha. Usiku mmoja nikavua miwani ili nifikiche macho, na besi ikarudi yote, kama maji yaliyofunguliwa. Mikono ya miwani ilikuwa inauinua mto nyuma ya sikio, hewa inapita, na mawimbi marefu ya besi yanavuja pale pale kabla hayajafika popote. Kwenye spika kosa la sentimita moja la kukaa hulisikii sana. Hapa utando mwembamba kiasi hicho unategemea mto uguse ngozi pande zote, na ufa mdogo kuliko kijiti cha kiberiti unatosha kubadilisha hukumu nzima. Tangu hapo siamini maoni ya mtu yeyote kuhusu besi ya hedifoni hizi, yangu yakiwemo, mpaka nijue amezivaaje.

Nilinunua fremu ya miwani yenye mikono myembamba ya chuma. Ndiyo, kwa ajili ya hedifoni.

Na starehe yenyewe? SR-L700 ina vikombe vikubwa vya pembe nne, sikio lote linaelea ndani, na ni nyepesi hata unaisahau. Miwani haiisumbui sana. Sauti yake inaelekea upande wa SR-009, iko hai na ya mbele, na kwa mazungumzo na gitaa ndiyo ninayoishika bila kufikiri. SR-009 ina fremu ya alumini, na uzito wake nausikia utosini. Saa moja haina neno. Ikifika saa na nusu naanza kuisogeza mbele, nyuma, na kila nikiisogeza nakuwa nimeuacha muziki. SR-007 inakaa juu ya mkanda mpana wa ngozi unaogawanya uzito, na mito yake inazunguka kwenye kikombe, upande mmoja mnene kuliko mwingine, ili uutafutie mahali nyuma ya taya. Nikiwa nimeipatia, nimewahi kumaliza opera nzima bila mkono wangu kupanda kichwani hata mara moja.

SR-009 nimeirudisha. Usiku wa mwisho niliirudia ile piano, na kusema kweli hakuna kati ya mbili zilizobaki inayozifuata zile nyuzi mpaka pale. Ninazikosa. SR-007 ndiyo iliyo mezani sasa. Mto wa kulia unaziba vizuri sehemu nene ikiwa nyuma ya sikio, chini kidogo ya mkono wa miwani. Wa kushoto unataka kushuka zaidi ya hapo, kwa sababu masikio yangu hayako sawa, na hilo nalo nimelijua mwaka huu.