Kadi ya NHIF ya mwajiriwa: makato madogo, mzigo mkubwa

Kwa bei, sioni bima ya kuishinda hii ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, hapa Dar. Mwajiriwa anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri naye anaweka 3. Mshahara wa 600,000 unatoa 36,000 kwa mwezi, sawa na 432,000 kwa mwaka. Wanatibiwa watu sita: mchangiaji, mwenza na wategemezi wanne, hata wazazi au wakwe. Gawanya uone: 72,000 kwa kichwa, mwaka mzima.

Ila makato yanafuata mshahara, matibabu yanafuata umri na maradhi. Mgonjwa wa figo akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, ni vipindi 156 kwa mwaka. Ile 432,000 ya familia nzima ukiigawa humo unapata shilingi 2,769 kwa kipindi, hela isiyofika hata kwenye chujio la mashine. Mstaafu na mwenza wake nao wanaendelea kutibiwa bila kuchangia. Toto Afya Kadi, bima ya mtoto ya 50,400 kwa mwaka, iliangushwa na jambo hilohilo: wazazi wengi waliikata mtoto akiwa tayari mgonjwa, na mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa, watoto wakaelekezwa kujiunga kupitia shule.

Mfuko ukielemewa, unabana kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma unazolipia na bei zake. Kitita kipya kilipoanza Machi 1, 2024, baadhi ya hospitali binafsi za jijini ziligomea bei zake na kusitisha huduma kwa wanachama. Kwa hiyo usiitegemee hospitali moja tu, hasa kwa dawa za kila mwezi.

Kwenye matumizi, ngazi zina maana. Anzia zahanati au kituo cha afya, rufaa ikupeleke hospitali ya mkoa kama Amana, Temeke au Mwananyamala, ndipo hospitali ya taifa, Muhimbili. Ukiruka bila rufaa, na si dharura, jiandae kutoa pesa taslimu.

Dawa ikikosekana dirishani, usiondoke na cheti kitupu. Omba fomu 2C, kagua saini ya daktari na mhuri palepale, kisha nenda duka la dawa lenye mkataba na Mfuko. Fomu isiyo na mhuri inarudishwa, na foleni unaianza upya.

Kadi ikigoma mapokezi, mshuku kwanza mwajiri. Hati ya mshahara inaonyesha umekatwa. Haionyeshi kama hela ilifika.