Stika ya kupaki chuoni Tanga: mwaka mmoja wa cheni, nazi na baiskeli

Stika yenyewe ni ya bluu, haizidi kiganja cha mtoto, na imekaa kwenye kona ya kioo cha mbele, chini ya ile ya Nenda kwa Usalama. Nimeilipia shilingi 20,000 kwa mwaka wa masomo. Jina la chuo nalihifadhi, maana bado nina mwaka mzima pale na wanaotoa stika ndio hao hao nitakaowapigia hodi Oktoba.

Nasoma masomo ya jioni. Saa kumi natoka kazini Chumbageni, kipindi kinaanza saa kumi na moja. Mji wetu hauna foleni za kumchosha mtu, kwa hiyo mwanafunzi akichelewa darasani hapa Tanga, mara nyingi amechelewa akiwa ameshafika: yumo ndani ya geti, anazunguka kutafuta pa kupaki.

Kuipata stika wanataka nakala ya leseni, bima, kitambulisho cha chuo na kadi ya gari. Kadi ninayo, ila ina jina la aliyeniuzia, na wenzangu wa magari ya mkononi hapo hawahitaji maelezo. Mama wa ofisi ya ulinzi aliisoma, akanitazama, akaisoma tena.

"Huyu ndiye wewe?"

"Hapana mama, huyo ndiye aliyeniuzia."

"Basi mwambie aje achukue stika yake."

Hakuwa na ubaya. Alinielekeza nilete mkataba wa mauziano wenye muhuri wa wakili pamoja na barua ya maelezo, na baada ya siku tisa za kwenda na kurudi mambo yakakaa sawa. Malipo ndiyo yaliyonifurahisha: kontroo namba, simu, dakika mbili, stika mkononi. Pamoja nayo unapewa masharti, kurasa nne zilizobanwa pini. Yaani unalipa, unabandika, halafu ndipo unasoma ulichokubali.

Mengi yana akili, nisiwaonee. Mwendo usizidi kilomita 20 kwa saa. Ukishazoea 50 ya kwenye makazi, 20 unajiona kama unasukuma toroli, lakini zile njia za ndani hazina pembezoni pa waenda kwa miguu. Watu wanatembea humo humo, wawili wawili, macho kwenye simu. Honi marufuku karibu na madarasa, sawa. Kisha lile la kupaki kwa kurudi nyuma, pua ya gari itazame njia. Mwanzo lilinikera sana, hasa ukiwa umechelewa na nyuma yako wapo wengine wenye haraka. Nilikuja kulielewa saa mbili usiku, madarasa yanapotoka yote kwa mkupuo. Watu wamejaa katikati ya magari, taa za nguzo zinawaka mbili kati ya sita. Anayetoka kwa kutanguliza pua anaona miguu ya watu. Anayetoka kinyumenyume anabahatisha. Hilo nimeondoka nalo hadi mtaani. Siku hizi hata sokoni Mgandini napaki hivyo hivyo, watoto wangu wananicheka.

Sasa cheni.

Siku ya testi nilifika zimebaki dakika sita. Nafasi ilikuwa moja tu, mbele ya jengo la utawala. Maegesho ya wafanyakazi huchorwa mstari wa njano. Pale mstari ulishafutika, pamebaki unjano-unjano ambao niliuona vizuri baadaye, kwa tochi ya simu, nikiwa nimechuchumaa kando ya tairi. Saa mbili na nusu usiku. Gurudumu la mbele limeng'atwa na chuma, kufuli linaning'inia, na kwenye waipa kuna karatasi: faini 10,000, lipa ufunguliwe.

Kulipa nilikuwa tayari, hela ipo kwenye simu. Lakini kontroo namba ya faini inatolewa na uhasibu, na uhasibu wanafunga saa tisa na nusu alasiri. Sisi vipindi vyetu vinaanza saa kumi na moja. Hesabu mwenyewe: mwanafunzi wa jioni akifungwa cheni, hakuna saa hata moja ya masomo yake anayoweza kufunguliwa. Mlinzi niliyempigia alikuja na ufunguo, nauona kabisa kiunoni, akaniambia bila risiti hawezi. Liliniuma, ila nilimheshimu, maana hakuomba kitu wala hakujikuna kichwa. Tanga ni ya waja leo waondoka leo. Gari langu lilikuja leo likaondoka kesho yake saa nne asubuhi, baada ya mimi kuomba ruhusa kazini.

Trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo kule njia ya Segera, pamoja na yote tunayomsema, akikukamata anakuandikia 30,000 yako, unapewa siku za kulipa, unaendelea na safari. Deni linafuata namba ya gari. Chuo kina namba ya gari langu, kina namba yangu ya usajili, hata matokeo yangu kikitaka kinaweza kuyashikilia mpaka nilipe. Cheni inaongeza nini hapo, sijaelewa mpaka leo. Andikeni deni, mtu aende akalale.

Usiku ule ndipo nilipoonja sharti jingine ambalo mwenye gari halimgusi: bodaboda mwisho getini. Kutoka jengo la utawala hadi geti ni mwendo wa dakika kumi na kitu, na nusu yake ni giza. Niliutembea nikiwa na mkoba wa laptopu kifuani, nikiwasikia chura tu. Sababu ya sharti naijua, na aliyeishi na bodaboda anaijua pia. Zilikuwa zinapita katikati ya watu kwa kasi ya barabara kuu ya Pongwe. Lakini nenda pale wiki ya kufungua chuo uone. Kijana amejitwika godoro, ndoo mkononi, jasho linamwingia machoni. Binti ameshika jiko la gesi kwa mkono mmoja, mwingine unaburuta begi lililong'oka tairi. Na wote wamelipa nauli kamili ya kufikishwa hosteli. Kwa bahati serikali ya wanafunzi haikukaa kimya, na tangu muhula wa pili wapo bodaboda wanne walioandikishwa, wenye vizibao vya rifleta vyenye namba, wanaoruhusiwa kuingia kuanzia saa kumi na mbili jioni. Hilo limefanyika vizuri. Wanne ni wachache, lakini namba mgongoni imewafanya waendeshe kama wamebeba mayai.

Baada ya cheni nikaapa kupaki eneo la wanafunzi tu. Eneo lile lina miembe miwili na safu ya minazi. Tanga ya Februari gari likikaa juani usukani haushikiki, kwa hiyo kivuli cha mwembe kinagombewa kuliko alama. Jumamosi tuna vipindi vya asubuhi. Siku moja nikafika saa tatu na nusu, nimeshachelewa, nikakuta nafasi pana chini ya mnazi, haina gari hata moja. Nikajipongeza. Nikapaki kwa kurudi nyuma kama karatasi inavyotaka.

Saa saba nikarudi. Boneti imebonyea kama sufuria iliyoanguka, na aliyefanya kazi hiyo bado yupo pale pale, amelala kando ya tairi na kumbi lake. Mzee wa getini alikuja taratibu, mikono nyuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hukujiuliza kwa nini pale hapapakiwi?"

Sharti la 14 liko wazi: chuo hakitahusika na upotevu wala uharibifu wowote wa chombo. Bima yangu nayo ni ndogo, ile ya kumlipa niliyemgonga mimi; nazi haimo. Fundi wa kunyoosha bodi pale Nguvumali alianzia 80,000 tukamalizana kwa 60,000, na ukiitazama boneti jioni, jua likiwa upande, bado unakiona kijibonde. Nilichoomba ofisini ni kibao tu. Baada ya wiki tatu hivi mtu alipita na chokaa akaandika kwenye shina la mnazi, herufi kubwa: NAZI. Nimeshamaliza hasira, sasa kila nikipita nacheka. Ile nazi yenyewe mzee alinipa, tukaitilia kwenye wali Jumapili.

Gari lilipokuwa kwa fundi nikaitoa baiskeli stoo. Watanga hatuna haja ya kuelezana habari za baiskeli, mji wenyewe ni tambarare, kutoka Mabawa nilipo hadi chuoni hakuna mlima wa kukutoa pumzi. Siku ya kwanza nilisoma tena zile kurasa nne kwa makini, nikitafuta baiskeli inapakiwa wapi, kwa mwendo gani, kwa stika ya rangi gani. Haimo. Pikipiki imo, bajaji imo, basi la chuo limo, hata trela limo. Aliyeandika masharti yale aliingia chuoni kwa gari na akatoka kwa gari, ndivyo ninavyoamini. Nikamuuliza mzee wa getini. Akaninyooshea kidole kwenye mwembe mkubwa kuliko yote, pale mbele ya maktaba, ambapo gari likisogea tu linafungwa cheni.

"Egemeza hapo. Nitaitupia jicho."

Basi ndiyo imekuwa desturi, Jumanne na Alhamisi. Nafika saa kumi na moja kasoro robo, naegemeza baiskeli kwenye mwembe, napiga kufuli, naingia darasani mtu wa kwanza au wa pili, nikiwaacha wenye stika za bluu wanazunguka.

Kwa wanaotaka nyota: getini nawapa nne, ofisi ya ulinzi tatu, uhasibu moja, na hiyo moja ni ya kiyoyozi. Oktoba stika nitailipia tena, kwa sababu vuli ikianza kumwaga, mtu hawezi kuingia kwenye mtihani anachuruzika. Ila safari hii aliyeniuzia gari nimeshampigia simu. Tumepanga Jumatatu, TRA, saa mbili asubuhi, nimemwambia aje na kitambulisho, tukabadilishe jina kwenye kadi.