Playfair Display kwenye kadi, mabango na tovuti: uzoefu wangu

Kati ya fonti zote za mapambo, hii ndiyo ninayoitumia zaidi, na ndiyo ninayoiona ikiharibiwa zaidi. Mbunifu wake, Claus Eggers Sørensen, aliitoa mwaka 2011 kwa leseni huria ya SIL Open Font License. Kazi ya mteja anayelipa, tovuti, PDF, vyote ruksa bila kulipia. Usichoruhusiwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake.

Umbo lake limechota kwa John Baskerville, mbunifu wa herufi wa Uingereza, na wenzake wa karne ya 18, enzi ambayo kalamu ya unyoya yenye ncha pana ilianza kupisha kalamu ya chuma yenye ncha kali. Ndiyo maana mistari minene ni minene kwelikweli, na myembamba ni uzi. Herufi a, c, f na r huishia na kidonge cha mviringo. Herufi ndogo zimerefushwa, mikia ya g na p imefupishwa, na herufi kubwa nazo zimepunguzwa kimo. Matokeo yake unaweza kubananisha mistari ya kichwa cha habari (pt 40 kwa nafasi ya pt 44) bila mikia kugusana, na vifupisho kama NSSF au KCSE havitoki nje ya mstari kama vinapiga kelele. Alama yake ya & ya mtindo wa kulala (italiki) ni nzuri mno kati ya majina mawili ya maharusi. Mkia wa Q nao ni mzuri, ila kwa Kiswahili tutauona wapi?

Sasa tarakimu, maana hapa ndipo kadi nyingi huharibika. Zinazokuja zenyewe ni za mtindo wa kale: 3, 4, 5, 7 na 9 zinashuka chini ya mstari, 6 na 8 zinapanda, na sifuri ni fupi kiasi cha kufanana na herufi o. Kwenye sentensi zinapendeza. Kwenye namba ya simu ya kupokea michango, au bei ya 150,000/=, zinayumba, na mteja atadhani umekosea kupanga. Tarakimu za kimo kimoja zimo ndani ya fonti, ila lazima uziwashe. Katika Word fungua dirisha la Font, kisha Advanced, kisha Number forms, uchague Lining. Katika InDesign na Illustrator zipo kwenye menyu ya OpenType. Kwenye tovuti andika katika CSS font-variant-numeric: lining-nums. Kama programu yako haina menyu hiyo, andika namba kwa fonti nyingine, Lato kwa mfano, na usijisumbue zaidi.

Kwenye uchapaji, adui ni ule uzi. Unene wa Regular siutumii chini ya pt 20. Maandishi meupe juu ya rangi nzito ni hatari zaidi, kwa sababu wino husambaa kidogo na kuziba nyuzi. Na rangi ya nyuma ikijengwa kwa wino nne, sahani za kuchapia wino hizo zikihama hata kidogo tu, nyuzi zinajaa rangi. Hapo mimi huhamia Bold, najenga rangi ya nyuma kwa wino mmoja au mbili, na nahakikisha hakuna mstari ulio chini ya pt 0.5. Stika za kukata kwa plota zina shida yake: ukianza kung'oa mabaki, nyuzi zinang'oka nazo. Bango la fleksi la barabarani ndilo nisilolishauri kabisa. Kwa dereva anayepita, nyuzi zinatoweka na kubaki nguzo tupu, kama uzio.

Usiitumie kwa aya. Mbunifu mwenyewe alipendekeza Georgia kuandamana nayo, kwa kuwa nayo ina herufi ndogo ndefu, nakubaliana naye.

Kwenye tovuti kosa ni moja, linajirudia. Watu hupakia Regular peke yake, kumbe kivinjari huweka h1 (kichwa kikuu cha ukurasa) kuwa nzito. Kikikosa faili la unene huo, kinanenepesha herufi kwa nguvu na nyuzi zote zinavimba. Pakia unene wa 700, au andika font-weight: 400. Herufi za kulala zina faili lake. Usipolipakia, unapata za kawaida zilizoinamishwa tu.

Neno kwa waandishi wa Kiswahili: kwenye ng'ombe na Ng'ambo tumia alama iliyopinda. Ile iliyonyooka, inayokuja na maandishi ya kunakili kutoka WhatsApp, inaonekana kama msumari kati ya vidonge vile. Kwenye vichwa vikubwa, zaidi ya pt 60, mimi huivuta kwa mkono iikaribie g.

Anayelazimika kuandika vidogo kwa sura hiihii ajaribu toleo jipya liitwalo Playfair tu. Lina mhimili wa ukubwa kuanzia 5 hadi 1200: ukishuka, nyuzi zinanenepa zenyewe. Ila programu isiyotambua fonti badilifu (variable font) haitauona mhimili huo.