Riwaya ya kununua mwanzo Unguja na Pemba, na zipi zisubiri

Mwenye pesa ya kitabu kimoja tu mwezi huu aanze na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Tunalisema mapema kwa sababu, tangu Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Unguja, apate Nobel ya fasihi mwaka 2021, wengi wanaingia dukani wakiulizia Gurnah, wanatoka na riwaya yake Paradise ya Kiingereza, wanasoma kurasa thelathini, halafu kitabu kinalala juu ya kabati kikila vumbi. Kitabu hakina kosa. Mnunuzi ndiye aliyeanzia kati.

Tumepanga kwa kuangalia mambo mawili: kitabu kitamalizwa au hakimalizwi, na nakala itastahimili kuazimwa au haistahimili. Huku kwetu kitabu hakisomwi na mtu mmoja. Kikitoka kwa dada kinakwenda kwa shemeji, na kikirudi, kama kitarudi, jalada halipo.

1. Vuta N'kuvute (Mkuki na Nyota, 1999). Yasmin, binti mdogo wa Kihindi, anaozeshwa kwa Bwana Raza, mzee mwenye duka. Anakimbia, anapokewa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, kwa Mwajuma, na huko anakutana na Denge, kijana anayewindwa na serikali ya kikoloni kwa siasa zake. Kinachobeba kitabu ni masikio ya mwandishi. Mwajuma akifungua mdomo unajua yuko upande gani wa mji hata kama mtaa haukutajwa, na mazungumzo yake yanasomeka kwa sauti bila kujikwaa. Kasoro ipo: siasa za Denge na wenzake zinapopamba moto, Yasmin anasukumwa pembeni kwa kurasa nyingi. Vumilia. Aliyeiona filamu ya Amil Shivji ya 2021 asijione kamaliza, maana riwaya ina watu na safari ambazo filamu haikuweza kuzibeba zote.

Tahadhari moja ya dukani. Riwaya hii imesomeshwa skuli, kwa hiyo kuna vijitabu vya "mwongozo" vyenye jina lake kwa herufi kubwa na neno "mwongozo" kwa herufi ndogo juu au chini. Ni vyembamba, vina muhtasari, wahusika, dhamira na maswali ya mtihani. Fungua ukurasa wowote wa katikati: ukikuta vichwa vya habari na nukta nukta badala ya watu wanaozungumza, rudisha. Utengano, riwaya ya nne hapa chini, nayo ina vijitabu vya namna hiyo.

2. Peponi (Mkuki na Nyota, 2022). Hii ndiyo Paradise ya Gurnah ya 1994, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri anayemwita ami, na baadaye anatambua kwamba baba yake amemtoa kufidia deni. Kwa msomaji wa hapa tuna sababu ya kupendelea tafsiri kuliko kitabu cha asili: watu wa hadithi hii wanasema Kiswahili, na kwenye Kiingereza mwandishi alibidi awasemee. Kwenye Peponi neno "ami" halihitaji maelezo, na utani wa Khalil, kijana anayefanya kazi na Yusuf pale dukani, unachoma unavyotakiwa. Safari ya bara ni ndefu na ina sehemu nzito, ndiyo maana tumeiweka ya pili. Mwenye Kiingereza kizuri akishaimaliza aendelee na By the Sea ya 2001. Unguja imo humo kwa wingi, pamoja na ugomvi wa nyumba ambao kila ukoo wa mjini una mfano wake.

3. Mzimu wa Watu wa Kale. Mohammed Said Abdulla alishinda nacho shindano la uandishi la 1957–58, kikachapishwa 1960. Mpe kijana anayesema hapendi kusoma. Kuna maiti, kuna mzimu ambao watu wanaogopa kuusogelea, na kuna mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, ambaye haamini mashetani mpaka amalize kuwahoji watu. Ni kifupi. Kiswahili chake ni cha Unguja ya zamani, na maneno mawili matatu kila baada ya kurasa chache itabidi umuulize bibi. Kisima cha Giningi (1968) ndicho kinachofuata kwa Bwana Msa, na ukikikuta nakala nzuri usikiache, maana vitabu hivi hupotea madukani muda mrefu kabla ya kurudi.

4. Utengano. Said Ahmed Mohamed ni mzaliwa wa Pemba, na kwa ufundi wa sentensi tunamweka juu ya wote hapa. Mbona basi wa nne? Kwa sababu kitabu kinaumiza. Maksuudi anawafungia wanawake wa nyumba yake, bintiye Maimuna anatoroka, na dunia anayoikuta nje haina huruma zaidi ya ile ya ndani. Kuna ulevi na umalaya, kwa hiyo si cha kumnunulia mtoto wa darasa la saba kwa sababu tu jina lake ulilisikia skuli. Babu Alipofufuka (2001) ya mwandishi huyohuyo isubiri. Mzuka wa babu unamzukia mkubwa mmoja wa serikali, wakati unarudi nyuma na kwenda mbele, na asiyezoea ataitupa.

5. Kuli (1979). Ya Shafi tena: wachukuzi wa bandarini na mgomo wa 1948. Nzuri, lakini watu wema ni wema mno na wabaya ni wabaya mno. Kasri ya Mwinyi Fuad ina tatizo hilohilo kwa kiasi kikubwa zaidi, ingawa Kijakazi, mtumishi asiyetaka kuachana na bwana wake hata Mapinduzi yakishapita, hasahauliki. Ukitaka Shafi aliyekomaa, ruka zote mbili uende kwenye Haini (2003), iliyojaa gereza.

Kwa vitabu visivyo vya hadithi chaguo kwa Kiswahili ni dogo, na hilo ni jambo la kusikitisha kwa kisiwa chenye mengi ya kusimulia. Mbali na Nyumbani (Longhorn, 2013), Adam Shafi akieleza safari zake za ujana za kutafuta elimu nje, ndiyo ya kwanza bila ubishi. Inasomeka kama riwaya. Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru! ya Harith Ghassany (2010) ni kitabu kikubwa cha ushuhuda wa watu juu ya Mapinduzi ya 1964. Kina msimamo wake na kimezua mabishano, kwa hiyo usikisome peke yake. Kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Unguja aliyeondoka kisiwani 1866 na kutoa kitabu chake kwa Kijerumani 1886, zinauzwa kwa watalii kila kona ya Mji Mkongwe. Tafsiri za Kiingereza ni zaidi ya moja, na nyingine zimepunguzwa, kwa hiyo ukiwekewa nakala mbili mbele yako linganisha orodha za sura kabla ya kulinganisha bei. Slaves, Spices and Ivory in Zanzibar ya Abdul Sheriff (1987) ni ya mwenye nia: karafuu, pembe na biashara ya watumwa, hoja kwa hoja. Haisomwi kitandani.

Nakala yenyewe

Rahisi huvunja upishi. Nakala iliyotolewa fotokopi ina maandishi ya kijivu, mistari inayopanda kidogo upande mmoja, na maneno yanayozama kwenye mshono. Inauzwa nafuu, na masika moja inatosha kuiachanisha.

Nakala halali nayo ikaguliwe. Vitabu vingi vinapigwa chapa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa kuwa mafungu ya kurasa 16. Fungu moja likisahaulika, ukurasa wa 48 unafuatwa na wa 65. Likiingizwa mara mbili, 33 hadi 48 zinajirudia. Mwenye duka hajui, maana hakufungua. Pitisha kidole gumba kwenye namba za kurasa ukiruka kumi kumi, dakika moja tu, hapohapo kaunta. Kisha tazama mgongo kwa juu: ukiona mafungu madogo yaliyokunjwa, kimeshonwa, ukiona karatasi zilizokatwa sawa na kuzamishwa kwenye gundi, kimegandishwa. Cha gundi usikifungue mara ya kwanza kwa kukilaza bapa. Fungua kurasa chache za mwanzo, kisha chache za mwisho, endelea hivyo ukielekea katikati, mgongo usipasuke.

Kitabu cha mitumba kinuse. Harufu ya uvundo maana yake ukoga umeshaingia ndani, na hata ukikianika utarudi na mvua. Nyumbani usikipange kikigusa ukuta, khasa ukuta wa mawe na chokaa wa nyumba za Mji Mkongwe, unaonyonya maji. Acha nafasi ya vidole viwili nyuma ya vitabu upepo upite. Karafuu kwenye rafu zinaleta harufu nzuri, basi.

Ukikosa hapa, agiza Dar es Salaam. Kabla ya kutuma pesa omba picha tatu: jalada, ukurasa wenye jina la mchapishaji na mwaka, na ukurasa wa katikati. Mwambie muuzaji afunge kwenye boksi na apige tepu pana pande zote, kwa kuwa mzigo wa boti hurushiwa maji na mfuko wa plastiki ni marufuku. Aliye Pemba, kama Wete au Mkoani, atafute wenzake watatu wanne waagize pamoja, wagawane nauli ya boksi moja, na kila mmoja aandike jina ndani ya jalada kabla boksi halijaondoka bandarini.