Uzoefu wangu na LTSP: seva moja kulisha kompyuta za aina tatu, Dodoma

Nasimamia maabara ya kompyuta ya sekondari moja huku Nkuhungu, na mashine zetu nyingi ni za msaada, kila moja na umri wake. LTSP (Linux Terminal Server Project) ndiyo iliyoziweka pamoja. Ni programu ya bure iliyoanza 1999 na kuandikwa upya 2019: Linux yote, yaani mfumo endeshi, inakaa kwenye seva, kompyuta za wanafunzi zinaichukua kwa kebo ya mtandao, hata kama hazina diski. Umeme ukikatika katikati ya kipindi, hakuna kuanza kutengeneza mashine moja moja. Seva ina UPS, betri ya kuishikilia umeme ukikatika. Umeme ukirudi wanafunzi wanawasha, na kila walichokwisha kuhifadhi wanakikuta.

Kazi iko kwenye mchanganyiko wa prosesa. Ukiendesha `ltsp image /`, seva ya 64-bit inajinakili kuwa imeji (faili moja yenye mfumo wote), na mashine za 64-bit zinawaka bila shida. Zile kuukuu za 32-bit hazitaki: zinapakua keneli (kiini cha Linux) vizuri, halafu kwenye skrini nyeusi yanatokea maandishi kwamba keneli hii inahitaji x86-64 (yaani 64-bit) na prosesa iliyopo ni i686 (yaani 32-bit). Zinagomea hapo hapo. Usihangaike na kebo wala swichi ya mtandao. Zinahitaji imeji yao. Yetu niliitengeneza kwa debootstrap, programu ya kusakinisha Linux ndani ya folda, kwenye `/srv/ltsp`, nikaweka mazingira ya dawati ya Xfce kwa sababu ni mepesi, kisha kwenye `ltsp.conf` nikaonyesha kwa anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao ya kila mashine) mashine ipi ichukue imeji ipi. Imeji ya 32-bit inaweza kuwasha hata mashine za 64-bit, lakini sikuona sababu ya kuzinyima Chrome, ambayo kwa Linux ya 32-bit ilishaachwa tangu 2016.

Raspberry Pi, zile kompyuta ndogo za bodi moja, nazo zina njia yao. Hazipiti kwenye menyu ya iPXE (programu inayowasha mashine nyingine kwa mtandao), zinaomba faili zake moja kwa moja kwa TFTP, njia rahisi ya kutuma faili kwenye mtandao. Tena prosesa yake ni ARM, kwa hiyo ili uingie na kufanya kazi kwenye folda yenye mfumo wa Pi ukiwa kwenye seva ya Intel, weka kwanza qemu-user-static, ndiyo mkalimani kati ya prosesa hizo mbili. Kusakinisha programu kwa njia hiyo kunakwenda polepole sana, jipe nafasi. Pi 3B ya kawaida inataka ufunguliwe kwanza uwezo wa kuwaka kwa mtandao, mara moja tu. 3B+ inakuja tayari.

Kinachochosha ni kusasisha: kila kitu mara tatu, kwa kuwa kila aina ina mfumo wake. Na kwa kuwa programu zinatumia RAM ya mashine ya mwanafunzi, yenye GB 1 inalemewa ukifungua kurasa nyingi za intaneti. Upande wa swichi, nunua ya gigabiti.

Kama bado una mashine za 32-bit, tumia Debian 12 (Debian ni aina mojawapo ya Linux). Debian 13, iliyotoka 2025, haina tena keneli ya 32-bit.