Kusafishwa damu mbali na nyumbani: uzoefu wangu

Figo zangu hazifanyi kazi, kwa hiyo nasafishwa damu kwa mashine Mombasa mara mbili kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila kikao. Mwaka huu nilikwenda Nairobi mara mbili kwa shughuli za familia, na zote mbili nilihitaji mashine huko.

Safari ya kwanza nilipokelewa vizuri. SHA, bima ya afya ya serikali, ililipa shilingi 10,650 za kikao. Kitambulisho changu kilitosha. Lakini habari za ugonjwa wangu zilibaki Mombasa. Barua niliyopewa ilikuwa mistari mitatu, na uzito mkavu haukuwemo. Huo ni uzito unaobaki nao maji ya ziada yakishatoka, na ndio unaomwambia sista mashine itoe lita ngapi. Nilikuwa nimenenepa, daktari wangu akaupandisha kutoka kilo 58 hadi 60. Nilipoulizwa nikajibu 58. Saa ya tatu presha ikaporomoka, misuli ya miguu ikakakamaa, macho yakaingia giza. Sista alipambana nami mpaka nikarudi sawa, Mungu ambariki. Angejuaje, na karatasi haisemi?

Vipimo vya homa ya ini na HIV nilirudia kwa pesa yangu, ingawa nilikuwa nimevifanya mwezi uliotangulia. Bila majibu hayo hawawezi kuamua wakuweke mashine gani, na wana haki.

Safari ya pili nilimwomba sista wetu mapema. Akaniandikia ukurasa mmoja: uzito mkavu, fistula (mshipa uliounganishwa kwa upasuaji, unapochomwa sindano za mashine) mkono wa kushoto, kiasi cha heparini ya kuzuia damu isigande, sindano ya kuongeza damu, dawa nisizopatana nazo, majibu ya vipimo, na presha za vikao vitatu vya mwisho. Akawapigia simu Nairobi, akawatumia picha ya ukurasa huo. Nilipofika, sista wa zamu alinipima, akasema, "Mama, wewe ni 60, sivyo?" Nilitaka kulia. Kikao kikaisha salama, na jioni ile karatasi ya kikao hicho ikatumwa Mombasa, kwa hiyo daktari wangu aliiona kabla sijafika.

Huduma hiyo naipa alama zote. Kinachoniuma ni kwamba ilitegemea moyo na simu ya mtu mmoja. Angekuwa likizo je? Pesa zangu zina mfumo unaonifuata kila kituo. Uzito wangu hauna.

Ndugu zangu wa mashine, msisafiri bila ukurasa huo. Wangu naubeba pochini, na kila daktari akibadilisha uzito naomba auandike pale pale, pamoja na tarehe.